Jinsi ya kuhesabu watu walioumwa na nyoka kijijini kwenu, hesabu ambayo kaunti haiwezi kuikataa

Hii naiandikia CHP (wahudumu wa afya wa kijijini), wanafunzi wa afya hapa Mombasa wanaotafuta mradi wa maana, na yeyote mwenye kikundi chake huko vijijini Kwale na Kilifi, iwe Kinango, Samburu, Ganze au Kaloleni, ambaye amechoka kuambiwa "kwenu nyoka si tatizo" na huku kila mvua zikianza kuna mtu anabebwa kwa boda mguu umefura mpaka gotini. Tatizo lipo, hesabu ndo haipo. Na hesabu isipokuwepo dawa haiji, manake anayeagiza antivenomu (dawa ya kupinga sumu ya nyoka) huko ofisini anaangalia karatasi, karatasi ikimwambia visa viwili mwaka mzima ataagiza ya watu wawili, au hataagiza kabisa aseme pesa iende kwa malaria, na wala huwezi kumlaumu sana.

Kabla hatujaenda mbali. Ukiwa kwenye kazi hii ukamkuta mtu ameumwa leo leo, weka kalamu chini. Asitembee, kiungo kilichogongwa kitulizwe kisichezechezwe, pete na bangili na viatu vitolewe kabla uvimbe haujavikuta, akianza kutapika au kusinzia alazwe ubavu, na atafutiwe usafiri wa kwenda hospitali yenye antivenomu. Kama usafiri ni boda, akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika nyuma. Kuchanja na wembe, kufyonza, kukaza kamba mpaka damu isipite, kubandika jiwe jeusi, hayo yote hapana. Aliyetemewa machoni aoshwe na maji mengi. Na nyoka aachwe ende zake, wangapi wamegongwa mara ya pili wakimfukuza. Maswali yako yatangoja wiki ijayo.

Haya, sasa kazi.

Kwanza jua unapambana na nini

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 huingiwa na sumu, wanaokufa ni kati ya 81,410 na 137,880, na waliokatwa viungo au kubaki na ulemavu ni kama mara tatu ya hao waliokufa. Hebu tazama vizuri hapo kwenye vifo. Kati ya namba ya chini na ya juu kuna watu zaidi ya elfu 56 ambao dunia haina hakika kama wamekufa au hawajafa! Mwaka 2017 shirika hilo hilo likaweka kuumwa na nyoka kwenye orodha yake ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa, 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Nusu ya ngapi? Ndo swali, na jibu lake haliko Geneva, liko kwenye nyumba za udongo na makuti ambazo hakuna aliyekwenda kupiga hodi.

India walipiga hodi. Watafiti wakazunguka majumbani wakiuliza familia jinsi ndugu zao walivyofariki, dalili gani, ilianza saa ngapi, alikuwa wapi, kisha madaktari wakasoma yale maelezo wakaamua sababu ya kifo. Walipomaliza wakapata kama vifo 45,900 vya nyoka kwa mwaka mmoja tu, 2005, mara nyingi mno kupita zile za hospitali. Na ukiangalia walifia wapi unaelewa mara moja, asilimia 23 tu ndo walifia hospitali. Waliobaki walifia nyumbani au njiani, na aliyefia njiani haandikwi na mtu.

Kwetu je? Kilifi hapo jirani watafiti walishawahi kuzunguka nyumba kwa nyumba, matokeo yakachapishwa 1994, na moja ya waliyoyakuta ni kwamba walio wengi walikwenda kwa mganga, sio hospitali. Kwa hivo wewe hubuni kitu kipya, unarudia kazi inayojulikana, ila kwenye eneo lako na kwa mwaka huu.

Kwa nini rejista ya dispensari inakudanganya

Fuata kisa kimoja njia yote utaona pale kinapopotelea. Mtu amegongwa jioni akirudisha mbuzi. Wa kwanza kuitwa ni mganga. Akipona, basi, hajulikani. Asipopona siku ya pili anapelekwa dispensari, dispensari haina dawa, nesi anaandika rufaa haraka haraka, pengine kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje (ile MOH 204) anaandika "jeraha" tu au "mguu kuvimba". Mwisho wa mwezi zikijumlishwa kwenda kwenye fomu ya MOH 705 na kuingizwa kwenye KHIS, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, yule mtu ashakuwa jeraha miongoni mwa majeraha. Wakati huo yeye yuko Mombasa, hospitali ya Coast General, kama amefika, na huko anahesabiwa kama mgonjwa wa Mombasa. Yani nyoka wa Kinango anaandikiwa Mvita, ambapo mjini hapa ukimuona nyoka watu wanamzunguka wakipiga picha.

Ndio maana kanuni ya kwanza ya hii kazi: kila kisa kiandikwe pale mtu alipoumwa na pale anapoishi, vitu viwili tofauti, safu mbili tofauti. Mahali alipotibiwa ni safu ya tatu. Ukichanganya hizo umeharibu kila kitu kinachofuata.

Kibali

Usiruke hii hata kama kijiji ni chako na kila mtu ni binamu yako. Kama wewe ni CHP unafanya kwenye nyumba zako mwenyewe, zungumza na msimamizi wako ili iwe sehemu ya kazi ya kawaida ya kitengo chenu cha afya ya jamii. Kama ni mwanafunzi na unataka kuja kuandika matokeo uyachapishe, unahitaji kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na barua ya idara ya afya ya kaunti husika, na anza mapema manake karatasi hizo hazitembei kwa haraka yako. Halafu chifu, halafu mzee wa kijiji. Wengi wanamalizia na mzee wa kijiji, mimi ningeanza naye kwa mazungumzo tu kabla ya barua yoyote, kwa sababu yeye ndo anajua nani aliumwa na nani akafa, na akikataa roho yake hata uwe na mihuri kumi utaambiwa "hakuna" kila mlango.

Picha za vidonda ni za fomu tu. Nimeona picha ya mguu wa mtoto wa watu ikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jina la kijiji juu, mama yake anatumiwa picha hiyo na watu asiowajua. Usifanye hivo.

Chora mpaka, hesabu watu wote

Hapa ndo wengi huanguka. Watu wanarudi na orodha ya walioumwa 11, wanafurahi, unawauliza kati ya watu wangapi? Kimya. Visa bila idadi ya watu ni umbea tu, huwezi kulinganisha kijiji na kijiji wala mwaka na mwaka.

Chukua eneo lenye mpaka unaojulikana, rahisi kabisa ni nyumba za CHP, manake kila CHP ana kama nyumba 100 na ameshazisajili. Kila nyumba andika wanaoishi humo kwa kawaida, umri na jinsia, pamoja na mtoto mchanga, pamoja na yule kijana anayelala kwenye kibanda cha mbuzi. Mgeni aliyekuja kwa harusi hahesabiwi. Aliyehamia Mombasa kutafuta kazi anarudi Idd kwa Idd hahesabiwi.

Na usidanganyike na kijiji kimoja kidogo. Tuseme kwenu kiwango cha kweli ni watu 150 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Ukizunguka nyumba 300 zenye watu sita sita, hao ni watu 1,800, unategemea kukuta visa 2.7, yani watatu hivi, au mmoja, au sifuri, na ukipata sifuri utakwenda kusema hakuna nyoka na utakuwa umewaponza watu. Unganeni CHP kumi, nyumba elfu, watu kama 6,000, hapo utategemea visa tisa, na hata hivyo tisa ni namba inayoyumba. Vitengo viwili vitatu vikiungana ndo inaanza kusimama. Kazi ya mtu mmoja hii sio, na hakuna njia ya mkato, hesabu yenyewe ndo iko hivo.

Kuuliza

Muda wa kuuliza ni miezi 12 iliyopita kwa walioumwa, sio zaidi, watu husahau yaliyopona. Kwa vifo unaweza kurudi nyuma miaka mitano, kifo hakisahauliki. Lazima iwe miaka kamili lakini, ukiuliza miezi sita tu utakamata masika ukose vuli, au kinyume, na hesabu itapinda.

Tarehe usiulize kwa tarehe. Mzee wa Ganze hana haja na "Machi 14". Tengeneza kalenda ya matukio ya kwenu: kabla ya Ramadhani au baada, wakati wa kupanda mahindi au kuvuna, shule zimefunga au zimefungua, zile mvua kubwa za El Niño za mwisho wa 2023 kama unauliza vifo vya nyuma, uchaguzi wa Agosti 2022. Watu wana tabia ya kuvuta mambo mazito karibu, cha miaka miwili iliyopita atakwambia "mwaka huu huu", na hiyo kalenda ndo inawarekebisha.

Sasa swali lenyewe. Ukiuliza nyumba nzima kwa mpigo utapata jibu la haraka. Angalia mazungumzo ya aina hii, utayasikia sana:

"Shikamoo mama. Katika mwaka huu kuna mtu wa hapa aliumwa na nyoka?"

"Marahaba mwanangu. Hapana, Mungu ametuhifadhi."

"Alhamdulillahi. Basi nipitie mmoja mmoja nisisahau mtu. Huyu mkubwa, hajapata kugongwa, hata kidogo, hata akapona mwenyewe?"

"Huyo hapana."

"Na huyu anayechunga?"

"Aah, huyo aligongwa kidoleni, kule bondeni, lakini hakikuwa kitu, babu yake akamtia dawa. Kidole hakikunjiki tu sai."

Kidole hakikunjiki! Hicho ni kisa, na ni ulemavu, na kilikuwa kinapita hivi hivi. Mama hakudanganya, kwake yeye kuumwa na nyoka ni kule kwa kufa au kulazwa. Kwa hivo pitia mtu mmoja mmoja kwa jina, na umalize kwa kuuliza aliyetemewa machoni, manake hao hawajihesabu kabisa kwamba wameumwa, na ukweli hawajaumwa, waandike safu yao peke yao.

Kwa kila kisa andika: saa ngapi (asubuhi, mchana, jioni, usiku inatosha), alikuwa anafanya nini, wapi hasa, kiungo gani, alivaa nini mguuni, alikuwa na tochi au hana. Halafu safari ya matibabu kwa mpangilio: nani kwanza, nani wa pili, saa ngapi zilipita mpaka kufika hospitali, alipata antivenomu au hakupata. Halafu gharama, na hapa usikubali "pesa nyingi", uliza nauli kiasi gani, dawa kiasi gani, mbuzi wangapi waliuzwa, nani aliacha kazi kumuuguza na kwa muda gani. Kwangu mimi hii ya mbuzi ndo safu yenye nguvu kuliko zote ukifika mbele ya wakubwa. Mwisho hali yake sasa: mzima, kovu, kiungo kimekauka, amekatwa, amefariki.

Fomu ya karatasi inafaa, ila KoboToolbox na ODK, programu za kujazia fomu kwa simu, zinapatikana bure, zinafanya kazi kwa simu bila bando ukiwa porini na kutuma ukifika penye mtandao, na zinachukua GPS ya pale alipoumwa. Weka maswali kwa Kiswahili na kwa lugha ya hapo, Kigiriama, Kiduruma, Kidigo, na jaribu kwanza kwenye nyumba chache za kijiji ambacho hakimo kwenye hesabu, utashangaa maswali mangapi uliyodhani ni mazuri hayaeleweki.

Nyoka gani?

Swali tamu, kila mtu analipenda, na ndo lenye majibu ya uongo zaidi. Kila nyoka mweusi ni koboko, kila wa kijani ni hatari ya kufa, na ukweli ni kwamba Pwani kuna nyoka wengi wa kijani wasio na sumu yoyote, na wapo pia wale wa kijani kweli kweli, Dendroaspis angusticeps, wanaokaa juu ya miembe na mikorosho na minazi, ambao wana sumu ya kuua. Kwa jina tu hutajua.

Kwa hivo andika jina alilolitaja yeye, lilivyo, usimsahihishe. Kisha andika dalili, na upange visa kwa dalili. Uvimbe unaopanda, malengelenge, nyama kuoza: hapo mara nyingi ni moma (wengine kifutu), yule mnene anayejilaza njiani hasogei hata ukimkaribia, au swila wa kutema. Kope kulegea, mate kushindwa kumezeka, sauti kubadilika, pumzi kuwa tabu: hiyo ni familia ya koboko na yule wa kijani wa miembeni. Damu kutoka kwenye fizi na vidonda vya zamani, pengine hata kesho yake: kuna nyoka wa mitini wenye sumu ya kuzuia damu isigande, na ile inachelewa, mtu anadhani amepona. Na kuna yule mweusi mdogo wa chini ya ardhi, jamii ya Atractaspis, anatoka usiku hasa mvua ikinyesha, watu wanamkanyaga au kumshika wakidhani si kitu, maumivu yake makali na antivenomu yake haipo. Na wengine hawatakuwa na dalili yoyote, ama nyoka hakuwa na sumu, ama aliuma bila kutia. Waandike pia, usiwatupe, bila hao hutajua ni wangapi kati ya walioumwa ndo wanaingiwa na sumu.

Ukiwa na kadi zenye picha itakusaidia, ila changanya na picha ya nyoka ambaye hayupo Kenya kabisa. Mtu akimchagua huyo unajua picha zake zote uzichukulie kwa tahadhari. Nyoka aliyekufa akiletwa usimshike kwa mkono, kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma, mpige picha tu, mgongo na tumbo na kichwa, na kitu cha kupimia urefu kando yake. Watamu kuna Bio-Ken, shamba la nyoka lililoanzishwa 1980 na James Ashe na mkewe, wataalamu wa pale wanajua nyoka wa Pwani kuliko mtu yeyote ntakayekutajia. Swila mkubwa wa kutema wa huku, Naja ashei, alitambuliwa kisayansi kuwa aina yake peke yake 2007 tu na akapewa jina la huyo Ashe. Yani mpaka juzi juzi tulikuwa tunamchanganya na mwengine, na ni nyoka wa zaidi ya mita mbili! Sasa wewe na kumbukumbu ya mtu aliyegongwa gizani usitegemee miujiza.

Kwa nini tunajisumbua na dalili hivi? Antivenomu inafanya kazi kwa sumu za nyoka iliyotengenezewa au za jamaa zao wa karibu, basi. Ghana walibadilisha dawa, wakaleta nyengine, na hospitali moja ya vijijini iliyokuwa inaweka hesabu ya kila mgonjwa ikaona vifo vimepanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Dawa ile haikuwafaa nyoka wa kule. Wasingekuwa na rejista nzuri wangeendelea kuzika watu wakisema ni kazi ya Mungu. Na dawa za nyoka wa India zimekuwa zikiuzwa Afrika hii yetu, kwa hivo ukifika hospitali usiulize "dawa ipo?" tu, omba kuona kasha, soma nyoka walioandikwa, ulinganishe na dalili ulizokusanya.

Waliokufa

Hawa waache mwisho wa mazungumzo na usiwe na haraka. Muulize aliyekuwepo, sio aliyesikia. Mwache asimulie mwenyewe kwanza, baadaye ndo uulize dalili. Muuguzi au daktari asiyejua familia asome simulizi na aamue: hakika nyoka, pengine nyoka, si nyoka. Wawili wakisoma kila mmoja kivyake ni bora zaidi. Utakuta pia vifo vinavyosemwa ni vya kutumwa, nyoka wa kutumwa na jirani. Andika kama kilivyo, dalili ndo zitaamua, na usiingie kwenye hiyo kesi ya jirani hata kidogo.

Orodha mbili na wale ambao hakuna anayewajua

Hii ndo sehemu ninayoipenda. Hata ukipiga hodi kila mlango kuna watu watakuponyoka. Lakini unaweza kukisia wangapi, kwa orodha mbili zilizokusanywa kila moja kivyake.

Nenda kwa mganga. Nenda kwa heshima, sio kumkagua, muamkie, kaa, mwambie unataka kujua wangapi wa vijiji hivi alioletewa mwaka huu. Wengi wanakumbuka vizuri sana, mtu kwa mtu, na wale ambao wameshachoka kuletewa wagonjwa wa koboko wanaowafia mikononi watakuwa wa kwanza kukubali kuwatuma hospitali mapema. Kisha chukua orodha ya dispensari, kitabu cha MOH 204 mstari kwa mstari, sio jumla ya mwezi.

Mfano wa kubuni: dispensari ina watu 12, waganga 20, na ukilinganisha majina na vijiji na majira, watano wako kote kote. Kwa hivo unaowajua kwa majina ni 27. Lakini fikiria hivi: kati ya wagonjwa 20 wa mganga, dispensari imewaona watano tu, yani robo. Kama dispensari inaona robo ya watu wa mganga, basi pengine inaona robo ya watu wote, na kama robo ni 12, wote ni 48. Hesabu yake ni 12 mara 20 gawanya kwa 5. Namba zikiwa ndogo ni salama zaidi kuongeza moja moja: 13 mara 21, gawanya kwa 6, toa 1, unapata 44.5. Yani kuna watu kama 18 hivi hawako kwenye kitabu chochote.

Tahadhari moja, na ni kubwa. Hesabu hii inadhani kwenda kwa mganga hakuathiri kwenda dispensari, na kwetu inaathiri. Anayemwendea mganga mara nyingi ndo haendi dispensari, hapo 44 inakuwa kubwa kuliko kweli. Kama mganga ndo anawatuma dispensari, inakuwa ndogo kuliko kweli. Kwa hivo tumia hii namba pamoja na ile ya nyumba kwa nyumba, zikikaribiana unalala usingizi, zikiachana sana kuna orodha yenye kasoro, rudi uitafute.

Piga hesabu

Visa gawanya kwa watu, zidisha kwa 100,000. Tuseme umepata 14 kwa watu 5,200 kwa mwaka, ni 269 kwa kila 100,000. Sasa usiende kaunti na 269 kavu. Chukua kipeuo cha pili cha 14, kama 3.74, kiongeze maradufu, 7.5, halafu toa na ongeza kwenye 14: kati ya 6.5 na 21.5. Yani kiwango chenu kiko kati ya 125 na 413. Ni ya kukadiria, mtakwimu atakuonyesha njia iliyonyooka zaidi, lakini afadhali mwanya wa kweli kuliko namba moja ya kujidai.

Kwale ilikuwa na watu 866,820 kwenye sensa ya 2019, na kishawishi cha kuchukua 269 yako ukaizidishia kaunti nzima kitakujia. Kizuie. Diani ya mahoteli na Kinango ya ng'ombe sio mahali pamoja.

Halafu gawanya visa kwa umri, kwa jinsia, kwa saa, kwa mwezi, kwa shughuli. Hizo ndo zinakwambia la kufanya. Walioumwa miguuni usiku njiani, shida ni tochi na viatu. Waliogongwa mikononi wakiokota kuni au kutoa mayai kwenye banda, shida ni fimbo ya kupekulia kwanza. Waliogongwa wamelala chini, hapo neti iliyochomekwa vizuri na kitanda kilichoinuka, na banda la kuku na rundo la makumbi ya nazi vihamishwe mbali na nyumba manake panya anafuata chakula na nyoka anafuata panya.

Kupeleka

Ukurasa mmoja, sio kitabu. Juu kabisa: watu wangapi mmezunguka, visa vingapi, vifo vingapi, kiwango na mwanya wake. Katikati ramani yenye vitone na mahali dispensari ilipo, na saa za kufika. Chini jedwali la dalili, manake hilo ndo linamwambia mfamasia dawa gani na kiasi gani, akumbuke mgonjwa mmoja anaweza kumaliza chupa kadhaa, na dawa nyengine zinataka friji isiyozimika umeme. Mpe mfamasia wa kaunti ndogo mkononi, mpe afisa wa kumbukumbu za afya, na huyu wa pili muombe mkae mfungue KHIS pamoja muone dispensari yenu iliripoti visa vingapi vya nyoka miezi ile ile. Ile tofauti iandike kwa wino mwekundu hapo juu.

Kisha rudi kijijini uwasomee. Baraza, au baada ya swala, au Jumapili kanisani, popote watu wanapokusanyika, bila majina. Mara nyingi hapo ndo mtu atanyoosha mkono aseme "na mtoto wa fulani mbona hayumo?" Beba fomu chache tupu.